Mji Aliotoa Rawan

Raskazone,
Tanga.
Jumapili, 10 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Huwaida,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeshaiitikia, marahaba, maana najua ukiiona hati yangu tu utaitamka hata kama umenuna. Hujambo lakini? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama wodini umetulia? Na joto la huko limepungua, au bado mnapikika?

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama mzima, presha imeshuka, ulimi haujashuka. Wifi yako Chiku mzima. Mwanangu Luqmani mzima, na magoti yake kama kawaida yana makovu mapya. Mimi mwenyewe mzima, tumbo limeongezeka kidogo, usimwambie mtu.

Na mwanao Rawan, ambaye najua umeruka mistari yote hiyo ukimtafuta, ni mzima kuliko sisi sote. Kaa kitako, Huwaida. Weka chai karibu. Nina habari ya kukupa mpaka kalamu inanitoka mkononi!

Utashangaa kuletewa barua zama hizi, kama tuko enzi za babu. Umenilazimisha mwenyewe. Tangu ile Ijumaa kila nikikupigia, kabla sijamaliza salamu, unasema, "Kaka, nimeshaamua," kisha unalia, kisha unakata. Nikikurekodia sauti husikilizi. Sasa Abdulghani, mtoto wa jirani yetu Bi Najat, anasafiri kuja Maskati Alhamisi, nami nimempa bahasha hii pamoja na machungwa ya Muheza. Simu unaweza kunikatia. Barua utaikatia wapi? Isome mpaka mwisho, ndipo useme umeamua.

Jambo lenyewe unalijua. Ulimsikia mwanao analia kwenye simu, ukaniambia unakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Ukaongeza na neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni: kwamba Tanga si mji wako tena tangu ulipoolewa, na wala hautakuwa wa mwanao. Sikukujibu. Mimi mwenye domo hili, sikukujibu. Sasa nakujibu, lakini kwa kukusimulia, kwa sababu kilio ulichokisikia sicho ulichodhani.

Nianze nilipokosea hesabu zangu za ujomba. Ulipomleta baada ya Idi kubwa, nilidhani mtoto akishaonja bahari na mihogo ya kukaanga mambo yatajipa. Thubutu! Siku nenda, siku rudi, Rawan kakaa barazani na kile kidude chake cha mchezo, kile cha kushika mkononi alichonunuliwa na marehemu baba yake Asaad, Mungu amrehemu. Ukimwita anaitika kwa kichwa. Kiswahili chake cha kukusikia wewe alikuwa nacho, anakielewa, ila kukitoa mdomoni hataki. Bi Najat akaanza kusema kwamba mtoto wa Huwaida haamkii watu. Unamjua Bi Najat, akisema yeye ujue Raskazone nzima imeshasema.

Nilikichukia kidude kile. Niliapa kukifungia kabatini. Mama ndiye aliyenizuia. Akanikazia macho, akaniambia, "Mtoto kaja na kitu kimoja tu cha kwao, nawe wataka kukifungia? Hebu niondokee." Nikamwondokea.

Basi siku moja nimerudi kutoka dukani Nguvumali, baada ya alasiri, roho yangu imechafuka. Bodaboda mmoja kanunua cheni ya pikipiki kwangu, kaitembeza mpaka Moa na kurudi, kisha kaniletea eti haimfai. Nikajitupa barazani karibu na Rawan, na kwa kukosa la kufanya nikachungulia kioo chake.

Dada, kumbe mimi nilikuwa nakitukana kitu nisichokijua! Nilidhani ni mambo ya kupigana. Hakuna bunduki, hakuna panga. Kuna binti mdogo wa kilemba cha manjano anatembea nchi hadi nchi, na kila afikapo anakuta watu na shida zao. Silaha yake ni neno. Wewe unaandika neno, na hicho ulichokiandika kinatokea palepale, kinatembea, kinafanya kazi yake. Neno lolote! Ukiandika lisilofaa unakiona cha mtema kuni, ukiandika linalofaa mlango unafunguka, unasonga mbele.

Siku hiyo palikuwa na mzee kakaa chini ya mnazi mrefu, anataka dafu. Rawan kaandika ngazi, ikatoka fupi. Kaandika ndege, ndege kalidondosha dafu juu ya kichwa cha mzee, mzee kakasirika. Kaandika tembo, tembo kaung'oa mnazi wote. Yote hayo kwa Kiarabu, nami Kiarabu changu ni cha msahafu, chenye irabu zote. Nikiondolewa irabu nakuwa kama mtu aliyevuliwa miwani. Lakini picha naziona. Bila kufikiri nikasema, "Si umwite mkwezi?"

Akaniangalia. Neno halijui. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, ikafunguka orodha ya lugha, na wallahi Huwaida, Kiswahili kimo! Chini kabisa, lakini kimo. Akanisukumia kidude mkononi. Nikaandika kwa kidole changu hiki kinene, herufi kwa herufi: mkwezi. Na mkwezi akaja! Kamba miguuni, panga kiunoni, akapanda kama anaitwa na mkewe, akaangua madafu, akashuka, akaondoka zake.

Nilipiga ukelele. Chiku akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeumwa na nyoka. Na Rawan akacheka. Hakutabasamu, alicheka, akajishika tumbo. Tangu ulipomwacha nilikuwa sijayaona meno ya mtoto yule.

Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Mimi mtu mzima nafunga duka mapema. Luqmani akagundua kwamba ukiliongezea neno sifa, kitu kinabadilika tabia: ukiandika mamba, anammeza binti, ukiandika mamba mpole, anambeba mgongoni na kumvusha mto. Ikawa vurugu. Papa mwoga akamkimbia dagaa. Chiku akaandika kuku mwenye hasira, na kuku yule akamfukuza simba mpaka simba akajificha ndani ya mtungi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Mama alijitia hayamhusu, tasbihi mkononi, lakini jicho liko hukuhuku. Siku ya tatu au ya nne akauliza, "Hilo lidude lenu lajua mkate wa kumimina?" Luqmani akaandika, mkate ukatoka. Mama akaficha furaha. "Bokoboko je?" Bokoboko kidude hakikujua. "Basi halina akili," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake. Kesho yake nikamkuta kawaagiza waandike jini, eti kulijaribu. Jini akatoka, akala meza, akala na mzee wa watu. Mama akanitaka nikizime kidude nikisomee Ayatul Kursi. Nikakisomea. Ndiyo, nimesomea mchezo wa mtoto Ayatul Kursi, na ukija utacheka mwenyewe.

Kilichonifurahisha ni kwamba maneno tulikuwa nayo sisi. Rawan akaanza kutufuata nyuma nyuma nyumbani. Anagusa upawa: "Hii nini?" Anagusa ungo, kata, kifuu, pakacha. Akishaambiwa anakimbilia barazani kuandika aone kama kidude kinakijua. Kisipokijua anakuja kutuangalia kwa huruma, kama sisi ndio tuliotunga uongo.

Kisha tukafika kwenye lango.

Hapo, mdogo wangu, ndipo tulipokwama sote. Lango kubwa la mji, na mbele yake kakaa mlinzi mwenye masharubu, kaukunja mguu juu ya mguu. Binti wa kilemba hawezi kupita. Mlinzi anasema maneno yaleyale kila ukimgusa: sina njaa, sina kiu, sina usingizi, siondoki hapa kwa sababu sina pengine pa kwenda.

Tulimpa kila kitu. Halua, akairudisha. Dhahabu, akapiga mwayo. Mimi nikaandika askari mkali. Wakapeana mikono, wakawa marafiki. Luqmani akaandika simba mwenye hasira. Mlinzi akamkuna shingoni, simba akalala. Mama, akiwa amegeukia ukutani kabisa, akasema, "Mwozesheni huyo." Tukaandika mke. Akaoa! Sasa wakawa wawili wamekaa langoni. Chiku akaandika nyumba; mke akaingia ndani, mume akabaki palepale nje. Chiku akasema wanaume wote ndio hao hao, akanitazama mimi sijui kwa nini.

Siku zikapita. Hatimaye Chiku akainua mikono. "Haya baba, umetushinda. Chukua mji." Rawan akauliza mara moja, "Mji gani?"

Unaona sasa tunakokwenda. Wewe umekulia humu, huhitaji kufundishwa: kitendawili kikikushinda, unatoa mji. Lakini mwanao kakulia kwenye fleti, na yaya asiyejua hata hadithi ya sungura. Hajawahi kutegewa kitendawili tangu azaliwe. Chiku akashika kichwa. Wewe unawajua watu wa kwao Moa, vitendawili wanavinyonya na maziwa. Akasema kuanzia leo, baada ya magharibi tukingoja isha, tunatandika mkeka barazani na kidude kinapumzika.

Mkeka wa kwanza ulikuwa ile Ijumaa.

Luqmani ndiye aliyetega. "Akila moto huimba, akinyimwa hunyamaza." Rawan akafikiri mpaka akakunja uso. Akatikisa kichwa. Luqmani, unamjua kwa kiherehere, akarukia, "Toa mji! Toa Tanga!"

Rawan akasema, "Tanga si yangu."

Neno hilo lilinichoma, maana nilishalisikia kwako. Lakini Luqmani hajui ya wakubwa. "Basi toa Maskati!" Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia. Na hapohapo simu ikalia, wewe, kwa kuwa ni Ijumaa na Ijumaa ndiyo siku yako. Nikamwekea sikioni nikidhani sauti ya mama itamtuliza. Ukamwuliza, "Mwanangu, wataka kubaki au nije nikuchukue?" Hakukujibu, akazidi kulia. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Asubuhi Mama akamkuta kitandani na begi lake limefungwa. Akakaa naye peke yake, kwa ule upole wake ambao sisi wanawe hatukuuonja. Mtoto akamweleza, nusu Kiarabu, nusu Kiswahili. Alidhani mji ukishautoa umekwenda. Alidhani tunaitaka Maskati kweli, tuichukue na wewe ukiwa ndani yake, na yeye abaki hana pa kurudi. Alikuwa amefunga begi awahi kabla hatujaichukua.

Mama aliponihadithia nilitoka nje nikasimama kwenye mwarobaini kitambo. Huwaida, mtoto hakuwa analia kwa kuichukia Tanga. Alikuwa anakulinda wewe!

Jioni yake Chiku akamwita mkekani. Sitamsahau wifi yako kwa jambo hili maisha yangu. Akamwambia, "Sikiliza, mwana. Mji hautolewi ukapotea. Unayempa ndiye anayekwenda kuutembelea, kisha arudi akupe habari. Na kitu kimoja ukijue: mtu hatoi mji usio wake. Kwa hiyo ukitoa Maskati, unatuambia sote kwamba Maskati ni yako. Haya, nipe, niende mara moja nirudi."

Rawan akasita sana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Chukua."

Chiku akajifunga kanga kiunoni. "Nilikwenda Maskati," akaanza, "nikafika, watu wakanipokea kwa kahawa na tende. Kila ninakopita naulizwa, we mwanamke watoka wapi? Natoka Tanga. Nikaingia hospitali, nikamkuta mama mmoja kavaa viatu vyeupe, kashika mgongo. Akaniuliza, Rawan wangu hajambo? Nikamwambia hajambo, anakula, anacheka, ila hajui birika la chai!"

Sote tukacheka, lakini Rawan hakucheka. Alikuwa kainama mbele, macho yote kwa Chiku. "Halafu?" akauliza. "Mama akasema nini?"

Na Chiku hajawahi kuvuka Mombasa!

Tangu siku hiyo mwanao hataki kujua jibu la kitendawili chochote. Anashindwa makusudi. Luqmani akimnong'oneza jibu anaziba masikio, kisha anasema haraka haraka, "Nimeshindwa, chukua Maskati, nenda, nenda!" Chiku kasafiri kuja huko mara nyingi kiasi kwamba angekuwa na pasi isingebaki nafasi ya muhuri. Hadithi zikamwishia. Akaanza kuniuliza mimi pembeni unakula nini, unalala saa ngapi, nami najua wapi? Akawa anabuni.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Chiku alipokuwa anabuni vibaya, Rawan alikuwa anamsahihisha. "Hapana, mama hapandi basi, mama ana gari jeupe." "Hapana, mama hapendi samaki, mama anapenda mishikaki." "Hapana, dirisha letu halioni bahari, linaona mlima." Kwa Kiswahili! Mdomo wake mwenyewe! Mtoto ambaye hakutaka kusema chochote kuhusu Tanga alikuwa radhi kusema usiku na mchana ili Maskati yako isielezwe uongo. Na maneno ni kama maji, yakishapata njia hayaulizi. Juzi kapita mlangoni kwa Bi Najat, akasimama, akasema, "Shikamoo, Bi Najat." Bi Najat akaja mbio kwetu kutangaza kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Na sasa jana. Ngoja nivute pumzi.

Jana baada ya chakula cha mchana tumejilaza, kidude kiko kwa Rawan. Yuko palepale langoni na mlinzi wake, mke wa mlinzi anachungulia dirishani. Sisi tulishakata tamaa na lango lile. Nikasikia anaandika. Neno fupi. Nikageuza kichwa kivivu kuangalia kioo.

Kaandika: mji.

Mdogo wangu! Mji mzima ukashuka pembeni mwa lango! Nyumba, msikiti, soko, minazi, na mbuzi wawili wamesimama barabarani. Mlinzi akatazama. Akainuka, kwa mara ya kwanza tangu tumjue akainuka! Akavaa viatu vyake, akaenda akamshika mkewe mkono, akatupungia, akaingia kwenye mji wake. Na lango likafunguka lote, pande zote mbili, binti wa kilemba cha manjano akapita anarukaruka.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilipiga teke birika la kahawa. Chiku akamnyanyua Rawan juu, Luqmani akatoka mbio kuwaambia watoto wa mtaa mzima, na Mama yetu, aliyesema kidude hakina akili, akapiga vigelegele vya arusi. Watu wakachungulia kuuliza nani kaolewa.

Nikamwuliza, umejuaje? Mimi mjomba wako nimempa dhahabu, nimempa askari, wewe umejuaje? Akapandisha mabega. "Alisema hana pa kwenda," akasema. Basi. Sote tuliyasoma maneno yale kila siku, na hakuna aliyemsikiliza mlinzi isipokuwa yeye. Nikasema vumbi limeniingia machoni, nikaenda kunawa.

Na jana hiyohiyo, baada ya magharibi, kwa mara ya kwanza katega yeye. Akasimama katikati ya mkeka, mikono kiunoni kama Chiku. "Kitendawili!" Tukaitikia, "Tega!" Akasema, "Nyumba yangu haina mlango, lakini nikimwita mtu kwa jina anatoka." Hakuna aliyejua. Tukashindwa kihalali. Mimi nikampa Muheza, Mama akampa Pangani, Chiku akampa Moa kwao. Akaitembelea yote. Moa alikwenda kwa bodaboda, akamkuta mzee Jumbe, mjomba wake Chiku, analalamika kwamba Chiku haji kumwona. Chiku akasema hilo si la kubuni, hilo kweli. Kisha Rawan akatupa jibu: ni kidude chake.

Sasa, Huwaida, nisikilize mimi kakako. Sikukatazi kitu. Mtoto ni wako, umemzaa kwa uchungu, na najua nyumba ilivyo kimya unaporudi kutoka zamu. Najua ulimleta ili asikue peke yake na mlango uliofungwa, na najua ulimwacha huku ukipigana na moyo wako. Ninachokuomba ni kwamba usimng'oe sasa. Ndiyo kwanza ameshika mizizi. Muulize Mama, muulize Chiku, muulize hata Bi Najat, ingawa huyo atakujibu mpaka simu iishe chaji.

Mama anakusalimu sana, anasema usile chakula cha kopo. Chiku anakusalimu, anaomba umwambie rangi ya mapazia yako, kwa sababu leo magharibi atasafiri tena na hataki kusahihishwa. Luqmani anakuamkia shikamoo shangazi, na anasema hakukusudia kumliza. Bi Najat anakusalimu, usimsahau Abdulghani kwa chakula kizuri, kijana anakula kweli kweli.

Rawan nilimwita sasa hivi, nikamwuliza anataka nikuandikie nini. Alifikiri muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie mama, siku ile aliniuliza nataka kubaki au kurudi. Kile ni kitendawili. Kimenishinda. Nampa mji."

Nilikuwa na hakika ni upi. Nilishaanza kuandika M, utaiona hapa chini nimeikata. Akanishika mkono. "Maskati ni yake tayari," akasema. "Nampa Tanga."

~~M~~ Tanga.

Sharti la Chiku umelisoma, dada: mtu hatoi mji usio wake. Sasa umepewa, na aliyepewa mji huenda. Usije kumchukua mtoto. Njoo uchukue Tanga yako, watu wote wakusalimu.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya, aikunjue riziki yako na aulegeze mgongo wako, na atukutanishe sote juu ya mkeka mmoja. Amin.

Ni mimi kakako akupendaye, na anayekuwekea nafasi barazani,

Himyar